Nafasi Yetu Darasani: Faida au Haki?



Tangu Benki Kuu ya Uganda ilipotoa leseni ya kwanza ya benki ya Kiislamu mwezi Septemba 2023, sisi Waislamu tunaosoma shahada ya uzamili ya biashara tumepata thamani ghafla. Mhadhiri akifika kwenye mada ya mikopo huangaza macho kutafuta hijabu au kofia, kisha anauliza: "Na ninyi kwenye benki zenu mnafanyaje?" Kwenye kipeperushi kipya cha shule yetu kuna picha ya dada aliyejitanda vizuri, kompyuta mbele yake, akicheka. Maneno yaliyo chini yake yanasema kuwa utofauti wa wanafunzi ni mtaji. Sina ugomvi na picha, na dada mwenyewe ameniambia kwamba malipo yake yalikuwa soda moja. Kinachonisumbua ni hilo neno mtaji. Mtaji ni kitu unachokiweka mahali ili kizalishe, na kisipozalisha unakiondoa.

Kuna namna mbili za kumwambia mwenye nyumba afungue mlango. Unaweza kumwambia: fungua, utafaidika nami. Au unaweza kumwambia: fungua, kwa sababu hukuwa na haki ya kunifungia. Namna zote mbili zaweza kuufungua mlango uleule siku ileile, ndiyo maana wengi wetu hatuoni tofauti yake. Katika makala hii nataka kuonyesha kwamba tofauti ipo, na kwamba jumuiya yetu, inapojiandaa kuzungumza na uongozi wa shule kuhusu ujumuishi, lazima iamue imesimama wapi.

Hoja ya faida ni tamu, na ndiyo inayosikika zaidi leo katika shule za biashara popote duniani. Wafanyakazi mchanganyiko wanawaelewa wateja mchanganyiko. Mwislamu atakusaidia kuuza bidhaa Mombasa na Dubai, mwanamke atakuambia wanawake wananunua nini. Sisemi ni uongo; mara nyingi ni kweli tupu. Lakini Marekani, ambako hoja hii ililelewa, ndiko pia ulikoonekana udhaifu wake.

Mwaka 1966 Profesa Sterling Schoen wa Chuo Kikuu cha Washington mjini St. Louis alianzisha muungano wa vyuo, Consortium for Graduate Study in Management, ili kuwasaidia vijana weusi kusoma biashara katika ngazi ya uzamili. Sababu yake haikuhitaji falsafa ndefu. Watu hawa walikuwa wamezuiwa kwa sheria na kwa desturi, na katika ofisi za wakubwa wa kampuni walikuwa karibu hawaonekani. Kilichokuwa kinatengenezwa ni kitu kilichoharibiwa. Kisha ikaja kesi ya Bakke, mwaka 1978. Shule ya udaktari ya Davis, California, ilikuwa imetenga nafasi 16 kati ya 100 kwa ajili ya wanafunzi wa jamii zilizobaguliwa, na Mahakama ya Juu ikaukataa utaratibu huo. Jaji Lewis Powell, ambaye maoni yake ndiyo yaliyoshikwa, hakukubali kuwa kurekebisha dhulma ya jumla ya jamii ni sababu ya kutosha. Alikubali sababu nyingine: chuo kinaweza kutazama rangi ya mwombaji kama jambo moja kati ya mengi, kwa kuwa darasa mchanganyiko linawaelimisha wote vizuri zaidi.

Kuanzia hapo vyuo vikajifunza kusema lugha hiyo, na kwa muda mrefu iliwafaa. Mwaka 2003, kesi ya shule ya sheria ya Michigan ilipofika mbele ya mahakama hiyo, kampuni kubwa, General Motors ikiwemo, zilipeleka maandishi kueleza jinsi zinavyohitaji wahitimu waliosoma pamoja na watu wa kila aina. Michigan ikashinda. Miaka 20 ikapita. Juni 2023, katika kesi za Harvard na North Carolina, mahakama ileile ikasema kwamba faida zinazotajwa hazipimiki kwa namna ambayo hakimu anaweza kuikagua, na mlango ukafungwa. Walioshtaki walidai kuwa waombaji wenye asili ya Asia ndio waliokuwa wakiumizwa, na malalamiko yao hayakuwa upuuzi. Lakini tazama jambo hili: kwa miaka 45 mwanafunzi mweusi alikuwa akitetewa kwa manufaa ambayo mwenzake angeyapata kwa kukaa naye dawati moja. Siku mahesabu ya manufaa yalipokataliwa, watetezi wake hawakuwa na hoja nyingine ambayo mahakama ingeisikiliza.

Sisi tuna kisa kinachonifanya niiogope hoja ya faida kuliko kesi yoyote ya Marekani, na wote tulikisoma madrasa. Kimo katika Sura ya Abasa. Mtume (s.a.w.) alikuwa akizungumza na wakuu wa Makureshi akitaraji wasilimu. Akaja Abdullah bin Ummi Maktum (r.a.), mtu kipofu, akitaka kufundishwa. Mtume akakunja uso, akaendelea na wale wakuu, na Mwenyezi Mungu akateremsha aya za kumkumbusha. Tukiwa watoto tulifundishwa kuwa hiki ni kisa cha kutowadharau walemavu, na ni kweli. Nilipokirudia ukubwani, nikiwa na madaftari ya mipango ya biashara pembeni, niliona na jambo jingine. Hesabu ya siku ile ilikuwa hesabu nzuri. Lau wale wakuu wangesilimu, Makka yote ingelainika, na wanyonge waliokuwa wakiteswa wangepumua, pengine na kipofu mwenyewe miongoni mwao. Hapakuwa na tamaa ya dunia ndani yake hata chembe. Mshauri yeyote wa biashara angesema: hawa wana uzito zaidi, yule asubiri. Na bado Mola hakuipitisha. Yule mtu alikuwa amekuja kutafuta elimu, na kwa kuja huko tu alikwisha kuwa na haki ya kugeukiwa. Hakuulizwa ataleta nini.

Baadaye Ibn Ummi Maktum alikuwa mwadhini pamoja na Bilal, na Mtume alimwachia Madina zaidi ya mara moja alipotoka kwenda vitani. Faida ilikuja, tena kubwa. Lakini haikutangulizwa kama sharti.

Basi tuseme tumekubaliana kuwa ni haki. Haki ya nini hasa? Hapa wengi wetu hukimbilia kuhesabu: Waislamu wangapi wamedahiliwa, dada wangapi, nani yumo kwenye kamati. Kuhesabu kuna maana yake. Babu zetu hapa Uganda walikuta shule nyingi ziko mikononi mwa wamisionari, na wazazi wengi waliwaweka watoto nyumbani kwa kuhofia ubatizo. Kwa sababu hiyo Jumuiya ya Elimu ya Waislamu wa Uganda ikaundwa mwaka 1944, na kwa sababu hiyohiyo kufunguliwa kwa Chuo Kikuu cha Kiislamu kule Mbale mwaka 1988 kulikuwa jambo kubwa kwa wazee. Aliyefungiwa mlango lazima ahesabu waliopita. Ila mlango wa kuingilia si mlango pekee uliopo.

Shule ya biashara ya Harvard ilipokea wanawake wanane wa kwanza katika programu yake kamili ya miaka miwili mwaka 1963. Ilipokaribia kutimiza miaka 50 tangu siku hiyo, wanawake walikuwa sehemu kubwa ya wanafunzi, na hesabu ilipendeza kwenye vipeperushi. Hata hivyo walikuwa wakibaki nyuma kwa alama, ingawa waliingia na sifa zinazolingana na za wenzao. Kwa nini? Pale hawafundishi kwa mhadhara. Wanafunzi kama 90 hukaa katika ukumbi wa nusu duara na kujadili kisa cha kampuni fulani, na katika masomo mengi hadi nusu ya alama zako hutokana na unachosema darasani. Anayenyoosha mkono kwa kujiamini, anayekatiza wenzake, ambaye profesa analikumbuka jina lake jioni anapoketi kujaza alama, huyo hupanda. Profesa hakuwa na rekodi. Alikuwa na kumbukumbu zake, na kumbukumbu za mtu huwapendelea watu wa aina aliyoizoea.

Nitin Nohria alipokuwa mkuu wa shule hiyo kuanzia 2010, walijaribu mambo mawili yanayostahili kutenganishwa. Wanawake walifundishwa namna ya kunyoosha mkono kwa uthabiti. Na darasani wakawekwa watu wa kunakili yanayosemwa, ili profesa anapotoa alama awe na maandishi ya nani alisema nini. Pengo la alama likapungua haraka sana. Mwaka 2014 Nohria aliomba radhi hadharani kwa jinsi shule ilivyowatendea wanawake, akaahidi kuongeza visa ambavyo kiongozi wa kampuni ni mwanamke.

Hatua ya kwanza kati ya zile mbili inamtaka mgeni ajirekebishe afanane na wenyeji. Ya pili inaurudia ule upimaji na kuuliza: hiki tunachokipima ndicho tulichokusudia kupima? Mimi naona ujumuishi wa kweli uko katika ile ya pili, na sisi tukidai chochote, tudai aina hiyo.

Nitoe mfano wa kwetu. Madarasa ya jioni yanaanza saa 11 na nusu na kwisha saa 3 usiku. Kampala iko jirani na mstari wa ikweta, kwa hiyo Maghribi haituhangaishi: mwaka mzima inaingia kati ya saa 12 na nusu na saa 1 na dakika chache. Katikati ya somo kabisa. Walimu wetu si wabaya. Wengi husema kwa upole, "Waislamu, mnaruhusiwa kutoka." Tunatoka, tunatawadha kwenye bomba la nyuma ya maktaba, tunaswali, tunarudi mbio. Tukirudi, kundi limekwisha kugawana kazi, na mjadala uliokuwa na alama za kuchangia umefungwa. Ruhusa tumepewa, gharama tumeilipa sisi. Darasa zima lingepumzika robo saa, kila mtu angenyoosha miguu, anayetaka chai angekunywa chai, na hakuna ambaye angekosa kitu. Mwenzangu mmoja wa kundi, Mkristo, mama wa watoto wawili, aliposikia wazo hilo alisema angeitumia robo saa hiyo kupiga simu nyumbani kabla watoto hawajalala.

Hapo sijaomba kupunguziwa kipimo, na ni muhimu tuliseme hili kwa sauti, maana hoja inayorushwa dhidi yetu kila mara ni ya sifa. Biashara haina dini, wanatuambia, mwenye uwezo ndiye apite. Uislamu hauikatai kanuni hiyo. Katika Sura ya Al-Qasas, binti anamshauri baba yake amwajiri Musa (a.s.), na sifa anazozitaja ni mbili, nguvu na uaminifu. Kumpa mtu kazi asiyoiweza kwa sababu ni wa kwetu ni khiyana ya amana. Lakini wanaopiga kelele za sifa si kila mara wanazungumzia sifa. Mtume (s.a.w.) alipomteua Usama bin Zayd (r.a.) kuongoza jeshi lililokuwa na wazee wa Muhajirina na Ansari, watu walinong'ona. Usama hakuwa ametimiza miaka 20, baba yake alikuwa mtumwa aliyeachwa huru, mama yake alikuwa Mhabeshi. Mtume akawajibu kuwa waliwahi kumsema vivyo hivyo baba yake, naye alistahili uongozi, na huyu mtoto anastahili baada yake. Hakuwaambia kwamba itakuwa vizuri jeshi lionekane lina kijana na mtu mweusi. Aliwarudisha kwenye kipimo chenyewe na kuwaonyesha kuwa ni wao waliokuwa wanapima kitu kingine.

Kwa hiyo swali la kumuuliza anayetaja sifa ni hili: kikao cha kukutana na waajiri kikifanyika kwenye baa ya hoteli hadi saa 5 usiku, kinapima nini? Kwamba dada fulani anajua kusoma hesabu za kampuni, au kwamba anaweza kusimama saa 3 katikati ya chupa? Wasilisho likipangwa saa 7 mchana siku ya Ijumaa, linapima nini?

Nimefika mahali pagumu sasa, na nitasema yanayonihusu mimi na ninyi. Anayesimama kwenye hoja ya faida ana raha moja: hadaiwi chochote. Ameuza, wamenunua, basi. Anayesimama kwenye haki anadaiwa haki hiyohiyo. Chumba chetu cha swala kina pazia, na nyuma ya pazia kuna kipaza sauti kilichoharibika tangu muhula uliopita. Dada zangu huijua khutba kwa kusimuliwa. Mikutano ya jumuiya huanza kwa Kiswahili au Kiingereza, na ikishika moto inahamia Kiluganda, huku wenzetu Wasomali, Wasudani na Wakongo wakitazama dari. Hakuna aliyekusudia kuwatenga. Hata pale Harvard hakuna profesa aliyeamka asubuhi akisema leo nitawasahau wanawake.

Na kuna rasimu ya barua. Wengi wenu mmeiona. Ina maombi ya mapumziko ya saa 1 kwa darasa zima, ya kutopanga mitihani na mawasilisho wakati wa swala ya Ijumaa, na ya vikao vya waajiri kufanyika mahali ambapo pombe si mwenyeji. Niliongeza ombi la nne, kwamba wanafunzi Waadventista Wasabato wapangiwe siku mbadala mtihani unapoangukia Jumamosi. Ombi hilo ndilo lililozua mjadala. Ndugu mmoja ninayemheshimu sana alisema, "Dada, hiyo si vita yetu. Tukiwaongeza hao, mkuu wa shule ataona ni mlolongo usio na mwisho na ataikataa yote." Anaweza kuwa sahihi kuhusu mkuu wa shule. Mwaka 2003 wanafunzi watatu Waadventista walikishtaki Chuo Kikuu cha Makerere kwa sababu ya masomo na mitihani ya Jumamosi. Wakashindwa katika Mahakama ya Katiba, wakakata rufaa, na mwaka 2006 wakashindwa tena katika Mahakama ya Juu. Mkuu yeyote wa shule mwenye mwanasheria anaijua kesi hiyo.

Lakini hebu tuigeuze. Hukumu iliyosema chuo hakijavunja Katiba kwa kumfanyia Msabato mtihani Jumamosi inatupa ulinzi gani sisi siku ya Ijumaa? Hilo nalo ni hesabu ya faida, nakiri, na silitaji ili kuwashawishi, ingawa najua litawashawishi baadhi yenu. Ninalosema ni kwamba barua yetu inatumia neno haki mara sita. Kama tunamaanisha haki, ombi la nne halina namna ya kutoka. Kama tunamaanisha upendeleo kwa Waislamu, litoke, na hayo maneno sita yatoke nalo, tuandike wazi kwamba sasa kuna benki ya Kiislamu na shule inatuhitaji. Barua ya namna hiyo pengine itafanikiwa haraka zaidi. Itafanikiwa hadi siku benki hiyo itakapoyumba, au hadi shule itakapopata mhadhiri wa mudharaba na sukuk asiyehitaji kuswali.

Kikao cha kuamua ni Alhamisi baada ya Isha, insha'Allah. Nitakuja na rasimu ikiwa na maombi manne. Kabla ya hapo nina kazi moja niliyoikumbuka nikiwa naandika aya hizi: Waadventista wa darasa letu, ambao tumebishana juu yao wiki tatu nzima, hakuna hata mmoja wetu aliyewauliza kama wanataka kutajwa.